NANI ALITUAMBIA MAWESE NI YA MASIKINI?

Najua nimepotea hapa kibarazani karibu mwezi mzima. Nilikuwa kwenye msuli, UE zilinibana kila kona, na aliyewahi kukaa chumba kimoja na mtu anayesubiri mitihani ataelewa. Leo sikuja na stori za bweni wala za boom kuchelewa. Leo nina ugomvi. Nina ugomvi na watu wa kwetu, Kasulu na Kibondo, na nina ugomvi na nyie mnaonicheka hapa chuoni kila nikifungua lile kopo langu la mawese. Nitaanza na wa kwetu, maana ndio walioanza.

Hoja yangu ni hii, niiseme mapema asije mtu akasema nimezunguka. Buha tumekubali kwamba chakula chetu ni cha kula mafichoni. Nyumbani, mlango umerudishwa, tunakula ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa kwa mawese, sombe, maharage, na vidole tunalamba. Akija mgeni wa maana tunakimbilia wali na kuku wa kisasa. Tukipata hela tunakwenda kula chipsi. Tukifungua mgahawa tunauza kila kitu isipokuwa kile tunachojua kukipika. Mimi huo nauita ujinga, tena ujinga wenye gharama, na mmoja wa wanaoilipa hiyo gharama namwita mama mdogo.

Zungukeni wenyewe muone. Shuka stendi ya Kasulu saa saba mchana una njaa. Ukienda sokoni kwenye mabenchi, kwa mama ntilie, migebuka utaipata, sombe utaipata, utakula ushibe na chenji ibaki. Sasa ingia zile sehemu zenye vitambaa vya meza, zenye runinga ukutani na mhudumu mwenye kalamu. Uliza ugali wa muhogo. Utaangaliwa kama umeuliza nyama ya nyani. Chai je? Manyovu wanalima kahawa (siku hizi ni Buhigwe, tangu wilaya zigawanywe 2012), arabika safi inayosafirishwa kwenda kunywewa na Wazungu, lakini wewe uliyekaa saa moja na nusu kutoka kwenye mikahawa hiyo unaletewa kopo la kahawa ya unga na kijiko. Asali? Misitu ya Kibondo imejaa mizinga. Mezani unawekewa jemu nyekundu ambayo haijulikani ni tunda gani.

Nawapa kisa cha familia yetu, kwa ruhusa ya mama, baba sijamuuliza.

Krismasi moja baba alipata malimbikizo yake ya mshahara. Mwalimu wa shule ya msingi akipata malimbikizo huwa anakuwa mtu mwingine kwa siku tatu hivi. Akatangaza kwamba mwaka huu mama hapiki, tunakwenda kula hotelini, familia nzima, na bibi akiwemo, aliyekuwa amekuja kututembelea Kibondo kutoka Heru Juu. Tulikuwa saba. Tulivaa nguo za kanisani, tukapanga foleni ya bodaboda tatu, tukaingia hoteli moja pale mjini ambayo sitaitaja jina.

Tukaletewa menyu. Jamani ile menyu! Kurasa nne, ina plastiki, kila chakula cha dunia kimeandikwa. Baba akaisoma kwa sauti kama anasoma mahudhurio. Samaki wa kukaanga? Ameisha. Maini? Yameisha. Biriani? Leo haikupikwa. Ndizi nyama? Mpishi wake ameenda Krismasi. Mwisho mhudumu, binti mpole tu, akatuonea huruma: "Mwalimu, kipo chipsi kuku." Basi saba chipsi kuku. Bibi akasema yeye aletewe ugali na mboga yoyote. Binti akacheka, sio kwa dharau, alicheka kama mtu aliyetaniwa, akasema, "Bibi, hapa ugali hatupiki, huo si mnakula nyumbani?"

Nataka mlishike hilo neno. Huo si mnakula nyumbani. Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo.

Tulingoja saa mbili kasoro. Mdogo wangu wa mwisho akalala juu ya kitambaa cha meza. Zilipokuja, bibi akachukua kijiko, akachokonoa chipsi moja, akauliza kwa utulivu kama hivi viazi vilikosa maji ya kuchemshia. Baba alilipa 64,000 pamoja na soda. Tulipofika nyumbani saa mbili usiku mama akawasha jiko, akasonga ugali, akapasha maharage ya mchana wa jana. Tukala wote, baba mwenyewe akaongeza. Kwa hiyo mama alipika. Ile siku ya kutopika, mama alipika!

Sasa tuongee kwa akili. Kwa nini tuko hivi? Msije na jibu la "umasikini", mtu masikini halipi 64,000 kwa viazi. Mimi nina maelezo yangu. Hizi nyumba za wageni na hoteli za Kasulu na Kibondo nyingi hazikujengwa kwa ajili yetu. Tangu vita vya Burundi vya 1993 na vya Kongo vya 1996, wilaya zetu zimekuwa nchi ya kambi: Mtabila iliyofungwa 2012, Nyarugusu iliyopo tangu 1996, Nduta iliyofunguliwa tena 2015, Mtendeli iliyofuata 2016 ikafungwa 2021. Zikaja gari nyeupe zenye antena. Zikaja posho. Aliyejenga hoteli alijenga akimfikiria mtu wa gari nyeupe, anayelala siku tatu anaondoka, anayetaka chakula kile kile anachokula Dar au Nairobi. Simlaumu, biashara ni biashara. Ninachouliza ni kwa nini sisi tulioachiwa hizo hoteli tumeingia na kukaa kwenye kiti cha mgeni, tukaanza kula kama tunaondoka kesho.

Na kichekesho ni kwamba kambini kwenyewe Wakongo hawakuona aibu. Sombe ya mawese wameipika kule Nyarugusu miaka yote kwa fahari, na Waha wa vijiji vya jirani walikuwa wakiisifu. Yaani mkimbizi aliyepoteza nyumba alikumbuka chakula chake, mwenye nyumba akasahau.

Tulikuwa na kisingizio cha umeme. Eti samaki wanaharibika, jenereta ghali, jokofu halikai. Haya, Oktoba 2022 tukaunganishwa na gridi ya taifa, majenereta yakazimwa. Majokofu yakaja. Fungua uone yamejaa nini. Kuku wa kisasa na soda.

Nirudi kwenye mawese, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Mnajua mafuta ya kupikia yale ya dukani, meupe au ya njano hafifu, ya kwenye dumu lenye picha ya mama anatabasamu? Yale ambayo mtu wa Kasulu akiyaweka sebuleni anajiona ametoka kimaisha? Soma maandishi madogo. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula ambayo Tanzania inaagiza kutoka nje ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Mawese, wadau! Mti ule ule, mchikichi, isipokuwa yamesafishwa rangi na harufu, yakapanda meli, yakashuka Dar, yakapanda lori, yakapita mikoa yote mpaka yanafika Kasulu, na njiani yanapishana na mawese ya Simbo na Mwandiga ambayo wenyewe tunayaona ya kishamba kwa sababu ni mekundu. Ule wekundu ndio mali. Ni karotini, ile ambayo mwili unaigeuza vitamini A, ambayo mtoto akiikosa macho yanaathirika. Kiwandani inaondolewa ili mafuta yapendeze.

Na sisi hatukusubiri kiwanda. Wapo kina mama wa kwetu, nimewaona kwa macho yangu, wanamimina mawese kwenye sufuria, wanayachoma juu ya moto mkali mpaka yanatoa moshi na kupoteza rangi, "ili yafanane na ya dukani". Mwenyewe umechuma, umechemsha, umekamua, halafu unaunguza vitamini ili jirani asijue unapikia nini. Ndugu zangu, aibu imefika mahali inatumia kuni.

(Kuna ile hadithi tunayoipenda sana Kigoma, kwamba Wamalaysia walikuja kwetu wakachukua mbegu ya mchikichi wakatajirika. Mimi siiamini. Michikichi inayotajwa kuwa mama wa mashamba ya Asia ilipandwa Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, na asili ya mti ni Afrika Magharibi. Lakini hata ingekuwa kweli, mtu anayeona haya kula mawese anaidaije Malaysia?)

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kusukuma kampeni ya kufufua michikichi. Kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu ya tenera, yenye kokwa jembamba na mafuta mengi kuliko ile dura ya mababu. Safi kabisa, naunga mkono. Lakini mnataka wakulima wapande miche, wakamue mafuta, halafu wamuuzie nani? Mfanyakazi wa ofisi ya Kasulu anayelia kwamba mafuta yamepanda bei ndiye huyo huyo asiyetaka mchuzi mwekundu mezani kwake. Soko la kwanza la kitu ni mdomo wa anayekitengeneza.

Sasa nisiwe kama wale wanaopigia debe "vyakula vya asili" mpaka wanaongopa. Mawese si dawa. Karibu nusu yake ni yale mafuta ambayo madaktari wa moyo wanasema tupunguze, kwa hiyo mchuzi usielee kama bwawa. Ugali wa muhogo peke yake ni wanga mtupu, protini kidogo mno, na mtoto anayekula muhogo asubuhi muhogo jioni hawezi kukua vizuri. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vizuri una sumu. Haya nayajua, na bibi yangu aliyajua kabla ya mwalimu wangu wa baiolojia, ndiyo maana ugali wake haukuwahi kukaa mezani bila maharage au dagaa. Chakula chetu kilikamilika kikiwa pamoja. Tulichokifanya ni kuondoa samaki na maharage tukauza, tukabaki na ugali, halafu tukasema ugali ndio mbaya.

Na kushiba sio kula. Huku Iringa ninaposoma kuna mahindi, viazi, maharage, maziwa, matunda, kila kitu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 mkoani hapa wamedumaa. Njombe na Rukwa, maghala mengine ya nchi, nusu. Taifa zima ni 30. Kwa hiyo msinitishe na wingi wa sahani. Sahani ya chipsi kuku imejaa, na hata jani moja la kijani halimo, ukiacha ile pilipili hoho iliyokatwa kama pambo.

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya Kasulu. Nikapewa kidato cha pili, mada ya lishe. Kabla sijaanza nikawaambia wachore sahani ya mlo kamili. Madaftari yakaja. Nimekaa ofisini nafungua moja moja, nakuta tufaha. Tufaha! Nakuta soseji, jibini lenye matundu kama la kwenye katuni, mayai mawili yanayotabasamu. Watoto 52, hakuna aliyechora mgebuka. Hakuna aliyechora sombe. Watatu walichora maharage, na mmoja wao aliyafuta akaweka kuku juu yake, alama ya ufutio ilionekana.

Kesho yake nikauliza nani jana usiku alikula dagaa. Kimya. Nikauliza nani jana usiku alikula kuku. Mikono ikapanda chungu nzima. Wadau, ilikuwa Februari, njaa ya kabla ya mavuno, kuku gani huyo anayeliwa kwenye kaya zote za kijiji usiku mmoja? Wale watoto walikuwa wananidanganya mimi mwalimu wao kwa sababu walishajifunza, bila mtu kuwafundisha, kwamba jibu sahihi la swali la chakula sio chakula chao. Tukatumia kipindi kizima kupanga makundi ya vyakula kwa kutumia vitu vya soko la kwao tu. Mgebuka protini, maharage protini, lengalenga na sombe vitamini na madini, mawese mafuta, muhogo wanga, parachichi, embe, nanasi, uyoga wa masika. Bodi ikajaa. Mwalimu mwenzangu wa pale akapita dirishani akaniuliza kama nafundisha baiolojia au nafungua genge.

Nilisema gharama ya ujinga huu anailipa mama mdogo. Twende kwake.

Mama mdogo ana banda Kasulu, jirani na soko. Anaamka saa kumi alfajiri. Wateja wake ni makuli, bodaboda, akina mama wa nyanya, madereva wa malori ya maharage. Ugali wake wa muhogo uliochanganywa na mahindi kidogo ni mweupe, unavutika, hauna harufu. Migebuka anaiunga kwa mawese, kitunguu, nyanya na ndimu, basi. Kuna mabosi wa maofisi wanatuma mtoto na hotpoti lenye mfuniko. Kila Jumatano lipo hotpoti moja la bluu linalokuja. Mwenye hotpoti hajawahi kukaa kwenye benchi la mama mdogo hata siku moja. Anakula ofisini, amefunga mlango, halafu nafikiri anapuliza manukato.

Siku moja ofisi fulani ikamwita mama mdogo, ikampa tenda ya chakula cha mchana cha semina. Watu 40, siku 3, sahani 7,000, jumla 840,000. Alifurahi, alituma meseji mpaka kwangu huku. Akapeleka menyu: siku ya kwanza migebuka na ugali, ya pili maharage, sombe na ndizi, ya tatu kuku wa kienyeji. Ikarudi imechorwa. "Washiriki ni watu wa hadhi. Weka wali, chipsi, kuku wa kisasa." Migebuka na maharage huwa anachukua kwa mali kauli, kwa watu anaofahamiana nao miaka kumi, analipa akishauza. Wenye kuku wa kisasa hawamjui, wanataka taslimu. Akakopa 400,000 kwenye VICOBA, riba asilimia 5 kwa mwezi. Akanunua kuku, mchele, viazi, madumu ya mafuta meupe. Akapika, wakala, wakasifu. Malipo yakachukua miezi minne. Riba peke yake 80,000. Binamu yangu aliyekuwa amechaguliwa kidato cha tano akaripoti shule wiki tano baada ya wenzake, kwa sababu nauli na godoro lake vilikuwa vimekaa kwenye faili la mtu.

Na semina yenyewe ilihusu nini? Lishe bora kwa kutumia vyakula vinavyopatikana katika mazingira yetu. Sitanii.

Malipo kuchelewa ni ugonjwa wa nchi nzima, mtaniambia, na hata kwa migebuka wangechelewesha. Kweli. Lakini kwa migebuka asingekopa kwa riba, na hela ingebaki kwa muuza samaki, mlima maharage na mkamua mawese wa Kigoma hii hii. Wadhifa wa mtu mmoja anayeogopa kuonekana anakula muhogo uliigharimu kaya nyingine muhula wa shule.

Nasikia pingamizi. La kwanza nimelisikia kwa baba: kula nje ni kumpumzisha mama. Hili naliheshimu. Sombe ni kazi, wenye kulisifia wengi ni wanaume ambao mikono yao haijawahi kushika mchi. Unachuma, unatwanga, unachemsha muda mrefu maana majani nayo yana sumu yake, kuni zinaisha, moshi unaingia machoni. Mama yangu anastahili kupumzika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ndiyo maana nataka sombe iuzwe hotelini, apike mwingine anayelipwa, mama akae na kitambaa mapajani aagize. Kwa sasa mama akitaka kupumzika sharti ale viazi. Na kwa baba zetu nina swali dogo: zile jioni mnazokaa baa na nyama choma nusu kilo na wenzenu, nani mnampumzisha? Nyumbani wanakula dagaa. Kula nje kwa familia yetu imetokea mara mbili tangu nizaliwe. Kula nje kwa wanaume wa mtaa wetu hutokea kila mwisho wa mwezi.

Pingamizi la pili ni kwamba samaki wamekuwa adimu na ghali. Ni kweli pia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, na bandani kwa mama mdogo miezi hiyo ilikuwa maharage, sombe ya karanga, na dagaa wakavu aliokuwa ameweka akiba. Muhogo nao umeteswa na batobato na michirizi ya kahawia. Lakini mbona viazi vikipanda bei hamwachi chipsi?

Harusi ya dada yangu 2022 ndiyo iliyonimalizia maneno. Kamati ikakaa vikao tisa. Mjomba mmoja akathubutu kusema tupike vyakula vya nyumbani, akaambiwa "mzee, hii ni harusi sio matanga." Wakaletwa wapishi kutoka Kigoma mjini na meza zao za chuma zenye moto chini. Pilau, kuku, saladi yenye mayonezi. Ikaenda. Saa sita usiku nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji, nikakuta harusi ya pili! Mashangazi walikuwa wamepika kwa siri sufuria mbili za ugali, sombe na migebuka, kwa ajili ya wapishi na wabeba viti. Waliokaa kwenye mikeka pale nyuma walikuwa mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, na wanaume sita wenye suti, mikono mikavu hakuna, wamefungua tai. Mwenyekiti akaniona akanyoosha kidole mdomoni: shhh.

Sasa nyie wa hapa chuoni. Mnaita kopo langu grisi. Mnaniuliza kama kwetu mwisho wa reli tunalainishia mabehewa (reli yenyewe haijawahi kufika Kasulu, someni ramani). Boom ni 10,000 kwa siku tangu 2022, na nyinyi mnaipeleka kwenye kibanda cha chipsi getini, kwenye mafuta yaliyokaangia tangu juzi, ambayo kwa kila dalili ni mawese yaliyonyimwa rangi. Mimi naweka kijiko kimoja kwenye maharage ya Kasulu, yale ya njano mnayoyanunua sokoni mkisema matamu na hamjui yanatoka wapi. Wiki iliyopita mtu mmoja wa chumba namba kumi na nne, ambaye ni kinara wa utani, alikuja saa nne usiku na sahani. Simtaji.

Desemba kaka yangu anaoa, Kibondo. Nimeshaandika kwa kamati: mchango wangu 50,000 upo, umeshakuwa galoni la mawese na maharage, na nimeomba mama mdogo apewe meza ya mbele, sio nyuma ya nyumba, yenye kitambaa kama za wengine. Mwenyekiti ni yule yule wa 2022. Amesoma ujumbe, alama mbili za bluu zipo, hajajibu siku ya nne leo. Mama mdogo yeye ameshaongea na mtu wa migebuka.

Nawasilisha. Mwenye la kusema aseme, ila wa chumba namba kumi na nne arudishe sahani yangu.